"Inaingia Hiyo, Mzee"

Katika duka moja la vifaa vya kompyuta, ghorofa ya pili, Kariakoo, kuna karatasi iliyobandikwa ukutani kwa selotepu: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Nimeisoma karatasi ya namna hiyo katika maduka mengi, kwa miaka mingi, bila kuitilia maanani. Siku niliyoisoma kwa hofu ni Jumamosi moja ya Agosti mwaka jana, nikiwa nimesimama nyuma ya mpwa wangu, na mfukoni mwangu kukiwa na shilingi 1,200,000 ambazo hazikuwa zangu.

Fedha hizo zilikuwa za dada yangu. Yumo katika upatu wa wanawake kumi na wawili, kila mmoja akitoa shilingi 100,000 kwa mwezi, na zamu yake ilikuwa imefika baada ya kungoja miezi kumi. Alikuwa amemwahidi mwanawe kwamba akifaulu vizuri kidato cha sita atamnunulia anachokitaka. Kijana akafaulu. Alichokitaka ni kompyuta ya kuchezea gemu, tena si ya kununua ikiwa tayari, bali ya kuunda mwenyewe, kipuri kwa kipuri.

Ukoo uligawanyika. Baba mdogo alisema fedha ya upatu hailiwi kwa michezo. Mimi nami, nakiri, nilikuwa upande wake. Kijana alijitetea kwamba anataka pia kujifunza kutengeneza michezo, si kuicheza tu. Nilishuku kwamba hoja hiyo aliitunga kwa ajili yetu sisi wazee, na bado nashuku hivyo. Lakini dada yangu alikuwa ameahidi, na akanipigia simu: "Kaka, wewe ndiye msomi. Nenda naye asije akaibiwa."

Usomi wangu ni wa historia ya siasa. Kompyuta kwangu ni taipureta yenye intaneti. Nilidhani kuunda kompyuta ni kama kununua samani za sebule: unatafuta kochi zuri kwa bei nafuu, kisha meza nzuri kwa bei nafuu, na vyote vikifika nyumbani vinakaa pamoja. Kwa fikra hizo nilikwenda kumlinda mtoto wa watu.

Yeye alikuja na kaunta buku. Kurasa nne zilikuwa zimejaa majina ya vipuri yaliyounganishwa kwa mistari, na juu ya kila mstari pameandikwa swali. Alikuwa amekwishakwenda Kariakoo mara mbili peke yake, bila senti ya kununulia, akapiga picha lebo za vipuri na kurudi nyumbani kuzisoma. Na orodha yake haikuanza na prosesa, kama nilivyotegemea. Ilianza na monita.

Monita yenyewe ni ile kuukuu iliyotoka katika stationari ya mama yake, biashara aliyoifunga mwaka 2020. Ni ya inchi 17, karibu mraba, na nyuma yake kuna tundu moja tu la picha, lile la zamani la VGA lenye pini 15. Nilicheka. Nikamwambia hicho ni kitu cha kuuza kwa kilo. Akanieleza kwa subira kama anayemweleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: "Mjomba, kioo hiki kinaonyesha nukta 1280 kwa 1024. Kioo kipya cha kawaida ni 1920 kwa 1080. Fanya hesabu." Nikaifanya kwenye simu. Cha kwanza kina nukta 1,310,720, cha pili 2,073,600. Mashine inayoendesha kioo cha mama yake ina nukta pungufu kwa zaidi ya theluthi za kuchora kila mara picha inapobadilika. Kwa hiyo prosesa yenye uwezo wa picha ndani yake ingetosha kwa kuanzia, na fedha ya kadi ya grafiki ingebaki mfukoni. Sharti lake ni kwamba mazabodi iwe na tundu la VGA, na mazabodi nyingi za siku hizi hazina. Alikuwa amekwisha kuiona moja inayolo.

Prosesa aliyoichagua ni Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021. Herufi hiyo ya mwisho ndiyo yenye kioo. Ryzen 5 5600 isiyo na G haina sehemu ya kuchora picha. Ukiifunga bila kadi ya grafiki, mashine itawaka, feni zitazunguka, na kioo kitabaki cheusi. Kwa upande wa Intel kanuni ni kinyume: nyingi zina uwezo huo, ila zile zenye herufi F mwishoni. Muuzaji wa kwanza alituletea 5600 tupu na kusema ni ileile. Kijana alishukuru akageuka, nami nikamfuata nikijiuliza ni mara ngapi nimesahihisha mtihani wa mwanafunzi kwa kosa la herufi moja na kuona ninamwonea.

Duka la tatu ndilo lenye karatasi ile ukutani. Muuzaji, kijana mchangamfu, alisikia bajeti yetu akatoa prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nane, iliyotumika, pamoja na mazabodi iliyotumika yenye chipu ya H110. Vyote viwili kwa shilingi 300,000. Kwenye kaunta buku, prosesa na mazabodi vilikuwa vimetengewa 620,000. Nikaona muujiza. Nilimwuliza muuzaji kama vinakubaliana. Akageuza prosesa, akanionyesha soketi, akanionyesha namba: 1151 huku, 1151 kule. "Inaingia hiyo, mzee. Tena bila shida."

Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni. Mpwa wangu akanigusa kiwiko.

"Inaingia, mjomba. Ila haitawaka."

Alinieleza tukiwa tumesogea pembeni ya kaunta, kwa sauti ya chini, kumstahi mwenye duka. Soketi ya 1151 ilianza mwaka 2015 na kizazi cha sita cha prosesa hizo, ikaendelea na cha saba. Mwaka 2017 kilipokuja cha nane, idadi ya miguu ikabaki ileile, 1151, lakini kazi za baadhi ya miguu zilibadilishwa na kampuni ikataka mazabodi za mfululizo wa 300. Chipu ya H110 ni ya mfululizo wa 100. Wapo mafundi duniani wanaozilazimisha kwa kubadili programu ya ndani na kuziba baadhi ya miguu, lakini hiyo si kazi ya mtu mwenye fedha ya zamu moja ya upatu.

Nimelifikiria sana jibu la yule muuzaji, na sidhani alikuwa tapeli. Alisema kweli. Kile kitu kinaingia. Swali langu ndilo lililokuwa bovu, kwa kuwa niliuliza kwa namna ambayo jibu lake la kweli lilitosha kuniangamiza. Na juu ya kichwa chake palikuwa na ile karatasi.

Kutoka hapo nilinyamaza, nikawa mbeba mfuko.

Kadi za grafiki tuliziona kwa macho tu. Kulikuwa na RX 580 zilizotumika kwa shilingi 180,000, na hata mimi zilinivutia kwa ukubwa wake. Kadi nyingi za aina hiyo duniani zilifanya kazi usiku na mchana kuchimba sarafu za kidijitali, na Ethereum ilipoacha uchimbaji wa namna hiyo Septemba 2022 kazi hiyo ikakoma, nyingi zikaingia sokoni. Kisha iko RX 580 iliyotolewa Uchina mwaka 2018, ambayo kwa ndani ina vichakataji vidogo 2048 badala ya 2304, yaani ni RX 570 iliyovishwa jina la dada yake. Aidha kadi kamili ya jina hilo inakula hadi wati 185, wakati sloti ya mazabodi haitoi zaidi ya wati 75. Zilizosalia lazima zitoke kwenye pawa saplai kwa waya wake mwenyewe. "Mwakani," kijana alisema, akaandika kitu kwenye kaunta buku.

Pawa saplai ndicho kipuri alichokitumia muda mrefu kuliko vyote, na naona alikuwa na haki. Tuliletewa moja yenye maandishi makubwa ubavuni: 600W. Ilikuwa nyepesi kama boksi la viatu. Aliigeuza akatafuta jedwali dogo la lebo, akaweka kidole kwenye safu ya volti 12, kwa maana prosesa na kadi ya grafiki hula zaidi kutoka hapo. Ampea 18. Kumi na mbili mara kumi na nane ni 216. Wati mia sita za ubavuni zilikuwa mia mbili na kumi na sita mahali zinapohitajika. Nyingine, iliyotumika, ilikuwa na swichi nyekundu nyuma, imewekwa kwenye 115, umeme wa Marekani. Ukiichomeka hivyo kwenye volti 230 za kwetu unasikia mlio mmoja tu. Mwishowe alichukua ya wati 500 yenye ampea 38 kwenye safu hiyo, yaani wati 456, kwa shilingi 160,000. Ilikuwa ghali kuliko kasha lenyewe, na baba mdogo mpaka leo haelewi kwa nini kiboksi kisichoongeza hata kasi ya mashine kiligharimu hivyo.

Kwa wanaotaka hesabu yote: prosesa 370,000, mazabodi yenye chipu ya B450 na tundu la VGA 250,000, diski ya SSD 110,000, kasha 110,000, kibodi na mausi 35,000. Mazabodi ile ni ya familia iliyotoka mwaka 2018, miaka mitatu kabla ya prosesa yetu, kwa hiyo kama programu yake ya ndani haijasasishwa haitaitambua prosesa hata kama soketi ni ileile ya AM4. Fundi mmoja ghorofa ya juu aliifunga prosesa ya zamani ya kwake, akasasisha, akatoza 10,000. Hakusema maneno ishirini katika dakika arobaini. Ningempa shahada.

Nimeiacha RAM makusudi.

Mazabodi yetu ilihitaji DDR4. Mpwa wangu alitaka mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, kwa kuwa prosesa inayochora picha bila kadi huazima kumbukumbu ya mashine, na njia mbili hupitisha zaidi ya njia moja. Bei ilikuwa 65,000 kila moja. Alipokuwa akihesabu shilingi 130,000 za mama yake juu ya kaunta, mimi nilikuwa najua mahali palipo na RAM 40 za DDR4, GB 8 kila moja, mpya, ndani ya maboksi yake. Ziko stoo, katika taasisi ambayo sitaitaja, na ziliingia humo kwa saini yangu.

Kisa chenyewe ni kifupi. Maabara ya kompyuta ya taasisi hiyo ilikuwa na mashine 40 za mwaka 2013, zenye kumbukumbu ndogo kiasi kwamba wanafunzi waliziwasha kabla ya kwenda kunywa chai. Iliundwa kamati ya watu watatu kununua RAM. Mimi nilikuwa mmoja wao. Tuliandika mahitaji kwa maneno haya: "RAM ya GB 8, vipande 40." Hatukuandika kizazi chake. Hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mashine moja kuangalia ndani. Tulifuata utaratibu wote wa ununuzi, tulilinganisha bei, tulimpa kazi aliyetoza kidogo, naye akaleta kilekile tulichokiandika. Mashine za mwaka ule hutumia DDR3 yenye miguu 240. Tulichopokea ni DDR4 yenye miguu 288, na ufa wake hauko mahali pamoja. Fundi wa maabara alikuja ofisini na kipande kimoja mkononi: "Mwalimu, haziingii." Hapa haikuwa hata kama Kariakoo, ambako angalau kitu kiliingia.

Ndugu msomaji aliye serikalini atakuwa amekwisha kukisia kilichofuata. Kamati ya mapokezi ilikuwa imehesabu vipande 40, ikasaini. Leja ya stoo ilisema 40. Mkaguzi alipokuja aliuliza vilipo, akapelekwa stoo, akahesabu 40. Hoja ikafungwa. Katika karatasi zetu zote ule ni ununuzi usio na dosari, na wanafunzi wakaendelea kukaa watatu kwa mashine moja inayowaka, bila yeyote kuandika popote kwamba kuna tatizo. Mimi nami sikuandika. Nilijiambia kwamba nilikuwa mjumbe tu, si mwenyekiti, na kwamba kompyuta si taaluma yangu. Wakati huohuo nilikuwa nikiandika makala kuhusu uwajibikaji, na baadhi yenu mliyasoma.

Nakiri basi kwamba pale kaunta wazo lilinipitia. Vipande viwili tu. Visingemfaa mtu mwingine yeyote katika taasisi ile, na vingemfaa kabisa kijana huyu. Dada yangu angebakiwa na 130,000 za kununulia godoro la bweni. Kilichonizuia, nikisema kweli, si uadilifu peke yake. Ni leja. Kile kitabu kilichoshindwa kuona kwamba vipande 40 havina kazi kingeona mara moja kwamba vimekuwa 38. Nililipa kwa fedha za upatu, nikachukua risiti.

Jioni kijana aliunganisha vyote juu ya meza ya chakula, akigusa chuma cha kasha kila mara kabla ya kushika kipuri ili umeme wa mwilini usikiunguze. Alipobonyeza swichi feni zilizunguka na kioo kikabaki cheusi. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Hakusema neno, lakini alinitazama mimi, si yeye. Niliiona karatasi ya dukani kama vile imebandikwa ukutani mwa sebule ile. Mpwa wangu alizima, akachomoa waya, akazitoa RAM na kuzisukuma tena kwa dole gumba mpaka vishikio vya pembeni vikalia, kimoja, kisha kingine. Akawasha. Monita ya stationari ikaandika jina la mazabodi na hesabu ya kumbukumbu. Dada akaweka sinia chini, akaomba risiti zote. Alijumlisha mara mbili. Zilibaki shilingi 25,000, akazifunga kwenye kanga.

Usiku ule, nikiwa nimeduwaa kumtazama akicheza mpira, nilimsimulia habari za stoo. Nilitegemea acheke. Aliuliza swali moja: "Sasa mjomba, mkinunua mashine nyingine, si mchague zinazotumia DDR4?"

Mwezi wa tano mwaka huu nilialikwa katika kamati nyingine. Maabara ileile, safari hii kompyuta mpya 60. Rasimu ya mahitaji inataka mashine za kizazi cha sasa, zenye DDR5. DDR5 nayo ina miguu 288, lakini ufa umehamishwa, na volti ni nyingine. Zile 40 hazitaingia tena. Niliomba iongezwe sentensi moja: kwamba angalau 20 kati ya mashine hizo ziwe za kutumia DDR4, zije bila RAM, kila moja ifungwe vipande viwili vya stoo, na kabla ya kupokea shehena ifunguliwe mashine moja mbele ya fundi wa maabara. Niliambiwa kwamba sentensi hiyo inafunga mlango wa ushindani, kwamba tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unakwisha na fungu lisipotumika litarudi, na kwamba vipande 40 havina hoja yoyote ya ukaguzi. Mjumbe mmoja, kwa wema tu, alinikumbusha kwamba nikilifufua jambo hilo saini ya kwanza itakayoonekana ni yangu.

Nikaandika barua. Ndani yake nimeeleza ununuzi wa awali kama nilivyoueleza hapa, na jina langu likiwa mahali pake. Ilipokelewa na kugongwa muhuri tarehe 2 Juni. Leo ni tarehe 21.

Mpwa wangu yuko likizo. Nikipita kwao huniamkia, kisha huuliza, "Mjomba, wamejibu?" Nikimwambia bado, hurudi kwenye mpira wake.